Tangi Limechacha, Halikufa

Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo hapa Nyeri. Kazi yangu ni kuandika barua, kutunza mafaili, na kuwaonyesha wageni mlango wa Bwana Shamba. Nilisomea ualimu, na ingawa sikufundisha ila miezi ile ya majaribio, majirani hawajaacha kuniita Mwalimu. Basi mtu akiwa na shida ya shamba huniuliza mimi kwanza njiani, kabla ya kwenda kwa mwenye kazi yake. Katika maswali hayo liko moja nililolisikia mara nyingi mno, kutoka Tetu, kutoka Mathira, kutoka Othaya: "Mwalimu, tangi langu la gesi limekufa. Nifanyeje?"

Leo nataka kulijibu mbele ya wote, maana naona jibu tulilozoea kulitoa halitoshi. Twasema saruji ilikuwa haba, au fundi alikuwa mwongo, au ng'ombe wa siku hizi hawana samadi nzuri. Pengine ni kweli. Dari likiwa na ufa, gesi haikai. Lakini matangi mengi niliyoyachungulia hayana ufa wo wote. Yamechacha. Yamelishwa kupita kiasi, na aliyeyalisha ni mwenyewe.

Nasema hivi bila kumcheka mtu, kwa kuwa nami nililichachisha langu.

Tangi langu ni la ujazo wa meta 6, limejengwa chini ya ardhi karibu na zizi la ng'ombe wawili. Kwa miezi mitano mke wangu alipika kwa moto wa buluu, na kuni tukazikumbuka siku za githeri tu. Ndipo tamaa ikaniingia. Nilifikiri hivi: ikiwa madebe mawili ya samadi yatupa moto wa asubuhi na jioni, je, nikiongeza taka za soko si nitapika mchana kutwa? Fundi naye alikuwa ameniambia kwamba cho chote kiozacho chafaa. Nikamwita kijana wa mkokoteni, akaniletea kutoka soko la Karatina magunia matatu ya majani ya kabichi, ndizi zilizoiva mno, viazi vilivyoanza kuoza, na maembe. Nikayatia yote kwa siku mbili.

Siku ya pili hewa ilikuwa nyingi ajabu, nami nikajisifu mezani. Siku ya nne bomba lilivuma kwa nguvu lakini kiberiti kikazimika. Siku ya saba hapakuwa na moto hata wa kuchemsha chai, na shimo la kutokea lilinuka kama siki iliyochanganywa na siagi iliyoharibika. Mke wangu akasimama pale, akaziba pua, akasema, "Baba watoto, umelitia tangi kiungulia."

Nawaambia kweli, katika vitabu vyote nilivyosoma baadaye sikuona neno lililolieleza jambo hilo vizuri kuliko lile. Bwana Shamba alipokuja na karatasi ya kupimia uchachu, ilionyesha 5 na kitu. Kipimo hicho chaanzia 0 na kwisha 14, na katikati ni 7, mahali ambapo kitu si kichachu wala si kama magadi. Tangi zima lapenda kukaa karibu na 7, tuseme kati ya 6.8 na 7.5. Likishuka chini ya 6.5 limeanza kuugua.

Sasa sababu. Msomaji aliyepeleka kahawa kiwandani ataielewa upesi. Siku za mavuno makubwa wachumaji huleta magunia kwa magunia, lakini mashine ya kumenya ni ile ile moja. Mashine ikizidiwa, kahawa hulundikana, hupata joto, huchacha, na daraja lake hushuka. Kosa si la wachumaji wala la mashine. Upande mmoja umekwenda mbio kuliko mwingine.

Ndani ya tangi vimo vijidudu visivyoonekana kwa macho, nao wamegawana kazi. Kundi la kwanza hukata chakula na kukigeuza kuwa asidi. Kubwa miongoni mwa asidi hizo ni ile ile ya siki. Ziko pia asidi ya siagi iliyoharibika, asidi ya maziwa yaliyoganda, na moja iitwayo asidi ya propioni. Wapo wengine katikati, ambao hupokea asidi hizi nyingine na kuzigeuza kuwa asidi ya siki na hewa nyepesi iitwayo hidrojeni. Kundi la mwisho hula hiyo asidi ya siki na hiyo hidrojeni, na pumzi yao ndiyo methani, yaani hewa iwakayo. Wataalamu hukadiria kwamba karibu sehemu 7 katika kila 10 za methani hutoka katika asidi ya siki. Kwa hiyo asidi si adui wa gesi. Ndiyo chakula chake. Bila asidi hupati moto.

Taabu ni mwendo. Vijidudu vya kundi la kwanza ni wepesi, huzaana kwa saa chache. Wale wa methani ni wazito. Huchukua siku kadhaa kuzaana, tena wana maringo: hawataki hewa ya nje, hawataki baridi, hawataki uchachu. Ukitia majani laini na matunda matamu kwa wingi, wepesi hufanya karamu na kumwaga asidi upesi kuliko wazito wawezavyo kula. Uchachu ukizidi, asidi hupata nguvu ya kupenya ngozi ya wale wazito na kuwadhoofisha kutoka ndani. Wao wakidhoofika hula kidogo zaidi, na asidi huongezeka zaidi. Asidi ya propioni ndiyo huchelewa kuliko zote kuondoka. Ile hewa nyingi iliyonidanganya siku ya pili na ya nne ilikuwa kaboni dioksidi kwa sehemu kubwa, hewa ya wepesi wakati wa karamu yao, nayo haiwaki.

Huenda mtu akauliza: mbona samadi haichachi hivyo? Kwa sababu ng'ombe amekwisha kuifanya kazi ya kwanza tumboni mwake. Vitu vitamu amevitwaa yeye, akatuachia vigumu ambavyo huoza polepole. Tena samadi ina chumvi za namna ya magadi zinazopunguza makali ya asidi, na imebeba vile vijidudu vya methani tangu tumboni. Ng'ombe mwenyewe ni tangi litembealo, hucheua methani mchana na usiku. Kilo moja ya samadi mbichi hutoa kama lita 30 hadi 40 za gesi, basi ng'ombe wawili wanaolishwa zizini, wakitoa kilo 40 kwa siku, watakupa moto wa jiko moja kwa saa 3 au 4. Si nyingi, lakini ni ya kila siku.

Jambo la kushangaza ni kwamba mkulima yule yule anayelia tangi limechacha anayo nyuma ya nyumba sileji iliyochacha, naye anaifurahia. Tunakata mahindi mabichi, tunayashindilia shimoni, tunayafunika hewa isiingie, na asidi ya maziwa huongezeka na kuzuia vijidudu viozeshavyo. Sileji nzuri hupima 4 hivi. Uji wetu mchachu hukaa kwa sababu hiyo hiyo, na maziwa mala pia. Tunajua sana kutumia uchachu kuzuia kuoza. Lililotushinda ni kukumbuka kwamba tangi la gesi lataka kinyume chake: lataka kuoza kuendelee mpaka mwisho. Nimeona mtu akitupa tangini sileji iliyoharibika, debe baada ya debe, akidhani anaokoa hasara. Alikuwa akimwaga siki.

Mambo mawili ya huku kwetu yaangaliwe kuliko mengine. La kwanza ni baridi. Mwezi wa 7, ukungu unapokaa siku nzima na jua halionekani, vile vijidudu vya methani hulegea kabla ya wenzao watengenezao asidi. Chakula kilichofaa mwezi wa 2 huwa kingi mno mwezi wa 7. Apunguze mtu kipimo, atumie maji yaliyopata joto la jua, wala asichukue ya mto wa alfajiri. Mwenye tangi la plastiki lililo juu ya ardhi alijengee kibanda.

La pili ni maganda ya kahawa. Kila kiwanda cha ushirika katika milima hii kina shimo la maganda, na kila mwaka husikika mtu akisema tuyatie tangini tupate utajiri. Maganda yana gesi, sikatai. Lakini yana sukari inayochacha haraka sana, na ule utelezi wa mbegu huchacha vile vile. Maji ya kuoshea kahawa yakikaa siku chache huwa makali kiasi cha kuua samaki mtoni. Maganda yataka kuchanganywa na samadi nyingi, na kutiwa chokaa kidogo kidogo, na mtu wa kupima kila siku. Chama cha ushirika kisicho na mtu wa kupima kisithubutu.

Wala gesi hii si jambo geni katika Kenya. Mwaka 1957 mkulima mmoja wa kahawa, Tim Hutchinson, alijenga tangi la kwanza la namna hii katika nchi yetu, na mwaka uliofuata akaanza kuyauza kwa wengine. Yeye aliyasifu matangi hayo kwanza kwa mbolea itokayo, na gesi akaihesabu kuwa nyongeza. Sisi tumegeuza mambo: twaitazama gesi tu, na ule uji wa samadi twauacha utiririke njiani. Hilo ningeweza kuliandikia ukurasa mwingine. Baadaye, tangu mwaka 2009, ulikuja mpango wa matangi ya nyumbani ulioendeshwa pamoja na chama cha wakulima, na maelfu ya matangi yakajengwa. Kujenga tumejua. Sisi wa kazi ya kilimo tumekuwa wepesi wa kuhudhuria siku moto unapowashwa mara ya kwanza, na wazito wa kurudi mwezi wa sita kuuliza tangi linakula nini. Kama ningekuwa na amri, mtu asingehesabu tangi kuwa limejengwa mpaka litimize mwaka mmoja likiwaka.

Sasa nitoke shambani niende jaani, maana mambo ni yale yale, na huko hasara ni ya mji mzima.

Jaa la taka ni tangi lisilo na mwenyewe. Taka za miji yetu, Nyeri, Karatina, Othaya, Nanyuki, Kerugoya, sehemu kubwa ni vitu vya kuoza kutoka sokoni na jikoni. Lori likimwaga na taka zikifunikwa na taka nyingine, hewa ya nje huisha upesi, na karamu ya asidi huanza kama ile ya tangi langu. Hapa hakuna mtu wa kupunguza chakula; kila siku lori hurudi. Kwa miezi mingi, pengine miaka, jaa jipya huwa chachu. Maji meusi yatokayo chini yake hupima 5 au 6, nayo kwa ukali wake huyeyusha chuma na madini mengine katika betri na mabati yaliyotupwa, yakateremka nayo kuelekea mitoni. Baadaye asidi huliwa pole pole, uchachu hupungua, na ndipo methani huanza kutoka kwa wingi, wakati watu wamekwisha kusahau ni taka za mwaka gani. Hutoka kwa miaka 20 na zaidi. Nusu ya gesi ya jaa lililokomaa, au zaidi ya nusu, ni methani.

Methani hiyo haipiki chai ya mtu. Huchanganyika na hewa, na ikifika kati ya sehemu 5 na 15 katika mia hulipuka kwa cheche. Ikipaa angani huhifadhi joto la dunia mara 28 hivi kuliko kaboni dioksidi ya uzito ule ule, ukihesabu kwa miaka 100. Mkulima anayelalamika kwamba mvua za masika hazijui tena tarehe zake, na alitazame jaa la mji wake.

Tumeona pia mlima wa taka wenyewe ukianguka. Huko Addis Ababa, jaa la Koshe liliporomoka tarehe 11 Machi 2017 na kuua watu zaidi ya 100. Kampala, jaa la Kiteezi liliporomoka tarehe 10 Agosti 2024 baada ya mvua, wakafa watu zaidi ya 30. Sisemi asidi ndiyo iliyowaua. Nasema kwamba taka zinazooza ndani hulegea, hujaa maji na gesi, na zikilundikwa wima hazina la kuzishika. Jaa la Dandora, Nairobi, lilifunguliwa mwaka 1975 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, lakini malori hayakukoma. Majaa yetu ya mlimani ni madogo kuliko hayo, nashukuru. Ndiyo sababu nasema sasa.

Wako wasemao dawa ni kuchimba mabomba jaani tuvute gesi. Mtoni, Dar es Salaam, katika miaka ya 2000 jambo hilo lilifanywa, na si baya kwa jaa lililokwisha kulundikwa. Lakini mji unaoweza kutenga taka kabla ya kulundika, kwa nini ungoje miaka ndipo uvute kidogo kinachopatikana, na kingine kipotee? Wengine wasema kaunti ijenge mtambo mkubwa ule taka zote za soko. Sina ugomvi na mtambo. Ila mtambo wa kula kabichi na maembe peke yake utapata kiungulia kama changu, na kiungulia cha mtambo mkubwa hakiponi kwa debe la samadi.

Maoni yangu ni haya. Taka za soko zimo katika miji yetu, na samadi imo katika vilima vinavyoizunguka, mwendo wa mkokoteni tu. Kimoja kina chakula kingi kichachacho haraka, kingine kina kile kinachozuia kuchacha. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imekwisha kutaka taka za kuoza zitengwe na nyingine. Basi zitengwe pale pale sokoni, kwa mapipa mawili na mwanamke au mwanamume wa kuyasimamia anayelipwa. Vijana wa mikokoteni walipwe kuzipeleka kwa wakulima wenye matangi yaliyo hai, kwa kipimo, badala ya lori kulipiwa mafuta ya kwenda jaani. Mimi natia debe moja la taka zilizokatwakatwa kwa kila madebe manne ya samadi, na maji kiasi sawa na vyote. Nilianza na nusu debe nikapanda kwa majuma matatu. Mwenye ng'ombe mmoja achukue kidogo, asiye na ng'ombe asichukue kabisa. Zinazobaki zifanywe mboji.

Atauliza mwenye tangi lililochacha tayari: nami? Acha kulilisha. Hilo ndilo la kwanza na ndilo gumu, maana mtu akikosa moto huongeza chakula. Ngoja juma moja au mawili. Tia madebe machache ya uji wa samadi kutoka tangi la jirani linalowaka vizuri, hiyo ndiyo mbegu. Uchachu ukiwa mkali, tia magadi kidogo yaliyoyeyushwa, au jivu la kuni, ukipima kila mara. Usimwage gunia, maana chumvi nyingi nayo huua. Chokaa kali ya kuunguza iache. Wala asishuke mtu tangini kutazama, hata kwa kamba. Hewa ya mle humaliza mtu kabla hajaita.

Langu lilichukua majuma matano kurudi. Katika majuma hayo mke wangu alinunua kuni, na kila mzigo ulipofika aliniita nije nilipe mwenyewe.

Kuna mama mmoja mjane upande wa Mukurwe-ini, ana ng'ombe mmoja na tangi zuri lisilo na ufa, ambalo kwa miaka mitatu alilifunika mabati na kuku wakalala juu yake. Aliambiwa limekufa. Yeye akarudi kwenye kuni. Mwezi uliopita nilimpelekea kwa pikipiki madebe mawili ya uji wa samadi kutoka kwangu, tukautoa ukoko uliokauka kwenye mashimo yake kwa miti mirefu, naye akaanza kutia samadi debe moja kwa siku bila kitu kingine. Juma lililopita aliniita niende nikaone. Moto umeshika, lakini ni mwepesi, ukipulizwa wazimika, na karatasi yaonyesha 6.4. Aliniuliza, "Mwalimu, sasa niongeze la pili?" Nikamwambia, "Bado, mama. Tulipe majuma mawili." Hakufurahi, maana sufuria ilikuwa tayari jikoni, lakini debe la pili amelirudisha zizini.